Pikapu: Jinsi ya kuchagua kitandiko cha kuikinga bodi dhidi ya kutu na mikwaruzo

NI nadra kwa mwenye pikapu kuifikiria sakafu ya bodi ya gari lake hadi siku atakapopakua mzigo, ainame, kisha aone vumbi la barabara kupitia tundu lililochimbwa na kutu.

Siku hiyo huwa amekwisha kuchelewa. Fundi wa bodi atamwambia kwamba bati lote la sakafu linahitaji kukatwa na kuchomelewa jipya. Gari litakaa gereji kwa siku kadhaa bila kuleta senti, na akienda kuliuza mnunuzi atatumia kovu hilo kushusha bei.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa pikapu, ufa huo huzibwa kwa kitandiko cha kinga ambacho mafundi wetu wamezoea kukiita laina.

Laina ni tabaka la plastiki, mpira, chuma au kemikali iliyopulizwa ambalo hufunika sakafu na kuta za bodi ili mzigo usiguse bati lenyewe. Zipo za aina nyingi na kila muuzaji husifu yake. Ukweli ni kwamba hakuna laina iliyo bora kwa kila mtu. Inayomfaa mvuvi wa Kilifi yaweza kuwa hasara kwa mchuuzi wa mawe wa Juja.

Makala haya yanaeleza namna kila aina inavyofanya kazi, udhaifu wake, na hatari moja ya moto ambayo wenye magari wengi hawajaambiwa.

Maadui wa bati

Bati la bodi ya pikapu ni jembamba kuliko watu wanavyodhani. Kwa kawaida unene wake ni karibu milimita moja tu. Nguvu ya bodi hutokana na mikunjo ya bati hilo na mihimili iliyo chini yake.

Kinachozuia kutu ni rangi, praima iliyo chini ya rangi na, katika magari mengi ya kisasa, tabaka jembamba la zinki. Jiwe moja likiburutwa juu ya sakafu, ngao hizo zote huchanika kwa mpigo mmoja.

Baada ya hapo kazi ya kutu huwa nyepesi. Chuma kikikutana na maji na hewa huanza kuliwa, na penye chumvi mambo huenda kwa kasi zaidi. Ndiyo sababu magari ya Pwani, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi, huoza mapema kuliko ya Nyeri au Eldoret.

Mkulima naye ana maadui wake. Mbolea za chumvichumvi kama CAN hunyonya unyevu hewani, hivyo punje zilizomwagika na kusahaulika kwenye pembe za bodi hugeuka tope linalokula bati hata msimu wa kiangazi. Mkojo wa ng'ombe na mbuzi, samadi na maji ya barafu ya samaki hufanya kazi hiyo hiyo.

Halafu kuna kugonga na kubonyea. Mwezi Juni mwaka wa 2016, kampuni ya Chevrolet nchini Marekani ilitoa tangazo ambamo matofali 55 ya kupambia bustani yaliangushwa kwa wakati mmoja ndani ya pikapu mbili: Silverado yake yenye bodi ya chuma, na Ford F-150 yenye bodi ya alumini. Bodi ya alumini ilitoboka, nayo ya chuma ikabonyea na kukwaruzika.

Tangazo hilo lilinuiwa kuisuta alumini. Hata hivyo, kwa mnunuzi makini lilikuwa na funzo jingine: bodi zote mbili hazikuwa na kitandiko, na hakuna iliyosalimika.

Laina ya plastiki ya kutumbukiza

Hii ndiyo inayojulikana zaidi. Ni ganda la plastiki ngumu, aghalabu polithini nzito, lililofinyangwa kulingana na umbo la bodi ya gari fulani. Hutumbukizwa ndani na kushikizwa kwa boliti au vibanio.

Sifa yake kubwa ni kuhimili kugongwa. Matuta yaliyo kwenye sakafu yake huacha nafasi kati ya plastiki na bati, hivyo mzigo ukianguka plastiki hunesa na kumeza pigo. Aidha, hufungwa kwa muda mfupi bila mashine, na ikipasuka hung'olewa na kuwekwa nyingine.

Udhaifu wake umejificha chini. Maji ya mvua na mchanga mwembamba hupenya kwenye kingo na kukaa kati ya plastiki na bati. Gari likitembea kwenye barabara ya changarawe ganda hilo hutetemeka, na mchanga ulionaswa hugeuka msasa unaokwangua rangi siku nenda siku rudi.

Matokeo yake ni kwamba juu huonekana plastiki nyeusi inayong'aa, ilhali chini yake kutu inaendelea na karamu. Ndiyo sababu anayenunua pikapu iliyokwisha kutumika hapaswi kuridhika na uzuri wa laina. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: mwombe muuzaji aing'oe laina hiyo uone bati lenyewe. Akikataa, una jibu lako.

Udhaifu wa pili ni utelezi. Plastiki ikilowa, mkebe wa maziwa au kreti ya soda huteleza kutoka kebini hadi mlango wa nyuma kila dereva anapokanyaga breki au kupanda mlima. Mizigo lazima ifungwe kwa kamba.

Zipo laina za plastiki zinazopanda hadi kufunika ukingo wa juu wa bodi, na nyingine huishia chini ya ukingo huo. Za kwanza hukinga sehemu ambayo watu hukwaruza wanapoinua mizigo. Za pili humwachia mwenye gari nafasi ya kufunga kifuniko au fremu ya turubai baadaye. Amua utakachofunga juu kabla ya kununua cha chini.

Laina ya kupulizwa

Aina ya pili haiji ikiwa imefinyangwa. Ni mchanganyiko wa kemikali mbili, za jamii ya poliurethani au poliurea, ambao hupulizwa kwa mashine yenye joto na mgandamizo mkubwa. Zikichanganyika hushikana na kuwa ngozi ngumu yenye vipele, iliyogandana na bati lenyewe.

Kwa kuwa imegandana, hakuna nafasi ya maji wala mchanga kupita chini yake. Hapo ndipo inapoishinda plastiki katika vita dhidi ya kutu. Vilevile vipele vyake hushika mzigo usiteleze, na haitoi kelele barabarani.

Unene una maana kubwa. Kazi ya kitaalamu huacha tabaka la karibu milimita 3 kwenye sakafu. Kuna pia rangi za aina hii zinazouzwa ndani ya mikebe ili mwenye gari ajipakie mwenyewe kwa brashi au rola. Hizo ni nafuu, lakini tabaka lake huwa jembamba na huchakaa mapema kwa mwenye kubeba mizigo mizito.

Hata iliyo nene haizuii kubonyea kama ganda la plastiki linavyofanya, kwa sababu imeshikamana na bati. Jiwe kubwa likianguka, bati hubonyea pamoja na ngozi yake. Na ikishapakwa haing'oki kirahisi: ukichoka nayo, itabidi ikwanguliwe kwa jasho.

Jua nalo lina neno. Kemikali za bei ya chini hupauka zikipigwa na miale ya jua kwa miaka mingi, na nyeusi ikawa ya kijivu. Kupauka huko aghalabu ni suala la sura na hakuondoi kinga mara moja, lakini anayejali sura aulize iwapo kuna tabaka la juu la kuzuia miale hiyo.

Kufaulu kwa kazi yenyewe huamuliwa kabla ya mashine kuwashwa. Kutu yote sharti iondolewe, bati lisuguliwe kwa msasa hadi mng'ao wa rangi upotee, mafuta yafutwe, na kila kitu kikauke kabisa. Ngozi ikipulizwa juu ya kutu au grisi itavimba na kubanduka kama ganda la mti.

Unyevu ni adui mwingine. Kemikali hizi zikikutana na maji kabla hazijashikana hutoa gesi inayofanya mapovu. Kwa hivyo anayetaka kazi hii ifanywe kwenye uwanja wazi wakati wa mvua ya masika anatafuta hasara.

Usalama wa fundi

Kuna jambo ambalo halimo kwenye matangazo. Kemikali hizi zina vitu viitwavyo isosianeti, ambavyo hujulikana kusababisha ugonjwa wa pumu kwa wanaovivuta. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuvikataa anaweza kuugua vibaya hata akikutana na kiasi kidogo tu.

Kitambaa kilichofungwa puani, au ile barakoa ya karatasi iliyozoeleka tangu enzi ya korona, haisaidii kitu. Anayepuliza anahitaji kofia au barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, glavu na mavazi ya kufunika ngozi. Wapita njia na wanagenzi wasikaribie.

Mteja ana sauti katika jambo hili. Ukiona kijana anapuliza bila kinga yoyote, jua kwamba bei nafuu uliyopewa italipwa na mapafu yake. Gereji isiyojali fundi wake pia haielekei kujali bati la gari lako.

Mkeka wa mpira

Kwa wengi, hasa wabebao mizigo ya wastani, jibu rahisi ni mkeka wa mpira mzito wenye unene wa milimita 6 hadi 10. Hutandikwa sakafuni tu, na siku ya kuosha gari hutolewa na kuanikwa.

Mpira hushika mzigo vizuri na kumeza mapigo. Mifugo husimama juu yake bila kuteleza, jambo ambalo lina uzito kwa mfanyabiashara wa mbuzi: mnyama anayeanguka njiani huvunjika mguu, na mguu ukivunjika thamani yake sokoni hushuka.

Kasoro yake ni kwamba hauzikingi kuta za bodi, na maji hujificha chini yake usipoinuliwa mara kwa mara. Petroli, dizeli na mafuta ya injini huulainisha na kuuharibu.

Anayenunua mkeka achague wenye mifereji upande wa chini ili maji yapate njia ya kutokea. Mkeka bapa pande zote mbili hunyonya bati kama mdomo, na unyevu hubaki hapo kwa majuma.

Bamba la chuma na mbao

Katika karakana za jua kali, wengi huamini kinga ya kweli ni bamba la chuma lenye nakshi lililochomelewa sakafuni. Kwa mbeba mawe, kokoto na vyuma vya ujenzi imani hiyo ina msingi. Sepetu inaweza kukwangua mchanga juu ya bamba hilo kutwa nzima bila kulitoboa.

Tatizo ni uzito. Chukua pikapu ya kebini moja ambayo sakafu yake ina urefu wa mita 2.3 na upana wa mita 1.5. Bamba la chuma la milimita 3 lina uzani wa takriban kilo 23.5 kwa kila mita mraba, hivyo sakafu hiyo pekee itaongezewa kilo 80 na ushei.

Hiyo ni zaidi ya mfuko mmoja na nusu wa saruji unaobebwa kila siku bila malipo, na petroli yake inatoka mfukoni mwako. Kwa kulinganisha, ganda la plastiki au ngozi ya kupulizwa inayofunika sakafu na kuta zote huwa na uzani wa karibu kilo 25, na mkeka mzito wa mpira karibu kilo 40.

Uzito wa laina hutolewa kwenye uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Mwenye gari la kubeba tani moja akiongeza bamba la kilo 80 sharti apunguze mzigo kwa kiasi hicho hicho, la sivyo atalumbana na springi za gari na maafisa wa barabarani.

Isitoshe, kuchomelea huunguza rangi na zinki iliyo chini ya bati. Mahali palipochomelewa pasipopakwa praima upya, kutu huanzia hapo.

Wengine huchagua bamba la alumini kwa kuwa ni jepesi. Hilo ni sawa kwa gari la bara. Kwa gari la Pwani, au libebalo samaki, alumini ikigusana moja kwa moja na chuma penye maji ya chumvi huliwa upesi. Ni heri kutenganisha metali hizo kwa tabaka la mpira au rangi nzito, hata kwenye misumari ya ribiti.

Nazo mbao za plaiwudi ni kinga ya maskini. Huzuia mikwaruzo kwa muda, lakini hunyonya kila kinachomwagika. Dawa ya kuua wadudu ikimwagika kwenye plaiwudi haioshwi ikaisha. Asiwepo mtu wa kupakia mboga au unga juu ya mbao hizo siku ya pili. Hali ni iyo hiyo kwa zulia za bodi, ambazo zimetengenezewa watu wa kubeba samani na mabegi ya safari.

Hatari ya moto kwenye kituo cha mafuta

Mwezi Januari mwaka wa 1998, Taasisi ya Marekani ya Usalama na Afya Kazini (NIOSH) ilitoa onyo kuhusu moto uliozuka watu walipokuwa wakijaza petroli kwenye vyombo vilivyowekwa ndani ya pikapu zenye laina za plastiki. Onyo hilo halijapitwa na wakati, na kwetu lina uzito wake kwa kuwa wakulima hubeba petroli ya pampu za maji, misumeno na jenereta kila wiki.

Sababu ya moto huo ni umeme tuli. Petroli inapotiririka kupitia mpira wa pampu huzalisha chaji ndogo za umeme. Chombo kikiwa kimewekwa ardhini, chaji hizo huteremka udongoni bila kumdhuru mtu.

Lakini kikiwa juu ya plastiki, ambayo haipitishi umeme, chaji hazina pa kwenda. Hujilimbikiza kwenye chombo, hasa kikiwa cha chuma, hadi ziruke kuelekea mdomo wa pampu kwa namna ya cheche. Cheche hiyo ikikutana na mvuke wa petroli, moto hulipuka usoni mwa anayejaza.

Nchini mwetu anayejaza kwa kawaida ni mhudumu wa kituo. Kwa hivyo uzembe wa mwenye gari unaweza kumuunguza mtu ambaye hata hajui kuna laina ndani ya bodi.

Kinga yake ni rahisi na haigharimu chochote. Teremsha chombo kutoka kwenye gari. Kiweke ardhini, mbali kidogo na gari na watu. Mdomo wa pampu uguse chombo muda wote wa kujaza, na petroli itiwe polepole. Ukimaliza, funika barabara ndipo ukipandishe garini.

Kanuni hii haibagui laina. Iwe ni plastiki, mpira, zulia au ngozi ya kupulizwa, chombo kiteremshwe. Mhudumu akikwambia kwamba amewajazia wengi juu ya gari bila tatizo, mjibu kwamba cheche huhitaji mara moja tu.

Mzigo ndio uamue

Ukishazijua tabia za kila aina, swali la kujiuliza ni moja: gari hili hubeba nini siku nyingi za mwaka? Usilinunulie laina kwa ajili ya mzigo wa siku moja.

Kwa mbeba mawe ya ujenzi, mchanga na kokoto, bamba la chuma sakafuni lafaa, mradi ahesabu uzito wake. Asiyetaka uzito huo apulize ngozi nene kisha atandike mkeka wa mpira juu yake. Ngozi itazuia kutu, nao mkeka utameza mapigo.

Kwa wauza samaki wa Pwani na wa Kisumu, ambao magari yao hulowa maji ya barafu kila alfajiri, laina ya kupulizwa ndiyo yenye mantiki zaidi kwa kuwa haiachi maji kupita chini. Ganda la plastiki kwao ni kuficha ugonjwa.

Mfugaji asafirishaye mbuzi, kondoo au ndama atafaidi mkeka unaotolewa na kuoshwa. Akiweza, apulize bati kwanza ili mkojo unaopenya chini ya mkeka usifike kwenye chuma.

Mkulima wa mboga, chai au miraa ambaye mzigo wake ni mwepesi na husafirishwa kwa haraka hana haja ya kulitwika gari mabamba. Mkeka, au ganda la plastiki linaloondolewa kila baada ya miezi michache, unamtosha. Fedha zinazobaki azitumie kununua magurudumu mazuri.

Mwenye mikebe ya maziwa, mitungi ya gesi au kreti aitilie maanani hali ya utelezi kuliko jambo jingine lolote. Mkebe ukianguka, maziwa ya asubuhi nzima humwagika.

Na anayenuia kuliuza gari baada ya miaka michache afikirie mnunuzi wake. Bati safi lililofichuliwa mbele ya mnunuzi huuza gari kuliko maneno mengi.

Kabla ya kumlipa fundi

Kwanza, tafuta bei kutoka kwa angalau mafundi watatu, na ukumbushe kila mmoja aeleze unene wa laina, idadi ya siku za kazi na iwapo kuta na mlango wa nyuma zimejumuishwa. Bei mbili haziwezi kulinganishwa ikiwa moja ni ya sakafu tu.

Pili, omba kuona gari alilolifanyia kazi mwaka mmoja au miwili iliyopita. Kazi mpya zote hupendeza. Tazama kwenye pembe na kuzunguka boliti: ikiwa ngozi imeanza kujibandua hapo, ondoka.

Tatu, hakikisha mashimo ya kutolea maji hayatazibwa. Kila bodi ina mashimo hayo, na fundi asiye makini huyapulizia au huyafunika kwa bamba. Bodi isiyotoa maji hugeuka bwawa. Vivyo hivyo, vichwa vya boliti zinazoshikilia bodi na pete za kufungia kamba zifunikwe kwa utepe kabla ya kupuliza.

Nne, jihadhari na keekee. Kila tundu linalotobolewa kwenye bati ni mlango wa kutu. Ikiwa lazima litobolewe, kingo zake zipakwe praima kabla ya boliti kuingia. Kwa gari jipya, soma kwanza masharti ya dhamana, kwani kutoboa bodi huenda kukampa muuzaji sababu ya kukataa kugharamia kutu itakayotokea baadaye.

Tano, mwambie fundi akuonyeshe bati likiwa tayari, limesuguliwa na kukauka, kabla hajawasha mashine. Dakika hizo chache ndizo zitakazoamua kama fedha zako zitadumu.

Laina si mwisho wa kazi

Wengi wakishaweka laina husahau kwamba kuna bodi. Hilo ni kosa, maana laina ni kama koti la mvua: humkinga avaaye, lakini koti lililoloa ndani humtia homa.

Fagia sakafu kila unapopakua mbolea, chumvi au samadi, kisha uimwagie maji safi. Egesha gari mahali penye mteremko kidogo, mlango wa nyuma ukiwa chini, ili maji yote yatoke.

Mkeka uinuliwe angalau mara moja kwa wiki msimu wa mvua. Ganda la plastiki ling'olewe mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, bati lioshwe, likauke, na mikwaruzo yote ipakwe rangi kabla ya kulirudisha.

Ngozi ya kupulizwa ikichanika, izibwe upesi. Jeraha dogo likiachwa wazi hupitisha maji ambayo yatasambaa chini kwa chini na kuibandua sehemu kubwa zaidi.

Pikapu kwa familia nyingi nchini si anasa. Ndiyo inayopeleka maziwa kiwandani, mboga sokoni na mgonjwa hospitalini usiku wa manane. Bodi yake ikioza, kazi zote hizo husimama. Hivyo basi, kabla ya kukimbilia laina iliyo na matangazo makubwa, simama nyuma ya gari lako, fungua mlango, tazama mikwaruzo iliyomo na ujiulize ni mzigo gani ulioiacha. Jibu la swali hilo ndilo litakalokuonyesha kitandiko cha kununua.